Khanga Juu ya Amplifaya

Amplifaya ya kaka yangu Chrispin ina kilo ishirini na nane. Nimeipima mwenyewe kwenye mizani ya korosho ya jirani, kwa sababu kila aliyewahi kuibeba alikuwa anataja namba yake. Ndani haina transista hata moja. Ina taa saba za kioo, ndefu kama vidole, na ukiiwasha unasubiri dakika tatu zipate moto ndipo itoe sauti. Ilikuwa ya bendi ya kiwanda cha korosho alikokuwa akipiga gitaa, enzi hizo viwanda vina bendi. Kiwanda kilipofungwa, wenzake waligawana tarumbeta, ngoma na maikrofoni. Yeye akachukua hiyo kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kuibeba.

Mimi ni fundi umeme. Nina stashahada, nafundisha kwenye chuo cha ufundi hapa Masasi, na jioni natengeneza pasi za majirani. Kwa miaka mingi nilimwambia kaka aiuze kwa watu wa vyuma chakavu. Hakuiuza. Mwaka juzi akapata kiharusi, na hapo ndipo nilipoielewa ile amplifaya.

Mguu ulirudi. Mdomo ulirudi, pamoja na maneno yote machafu aliyokuwa nayo kabla. Mkono wa kushoto ulirudi nusu: vidole viwili vya kwanza vinafanya kazi, cha pete kinachelewa, cha mwisho kimelala. Na mpiga gitaa anabana nyuzi kwa mkono huo. Alipojaribu gitaa bila umeme, kila uzi ulilia mara moja ukafa, kwa sababu kidole kilichotakiwa kufuata kilikuwa bado kiko njiani. Alijaribu mara tatu, akaliegemeza ukutani, akaomba chai.

Jumamosi ile nilifungua amplifaya kwa sababu nilitaka kufanya kitu kwa mikono. Nilitoa kapasita zilizovimba, nikasafisha soketi, nikabadilisha waya uliotafunwa na panya. Taa moja kati ya zile nne za mwisho, zinazosukuma spika, ilikuwa imekufa. Nilipata nyingine Lukuledi kwa fundi mmoja mzee wa redio, aliyekuwa ameihifadhi ndani ya soksi. Aliniambia hana nyingine na hajui mwenye nyingine.

Kaka aliiwasha, akasubiri, akafungua sauti hadi saba, akapiga uzi mmoja. Sauti haikufa. Ilikaa hewani, ikanenepa kidogo, ikasubiri mpaka kidole cha pete kikafika. Akapiga mwingine. Nao ukasubiri.

"Unaona?" akasema.

"Nasikia," nikasema, nikaenda kuosha mikono.

Mwezi wa tano Somoe akapiga simu kutoka Mnyambe, kule Newala. Somoe nimesoma naye shule ya msingi. Alipotolewa unyagoni miaka thelathini na kitu iliyopita, kaka ndiye aliyepiga gitaa uwanjani kwao, akatunga wimbo palepale, na wimbo huo Mnyambe wanauita wa Somoe mpaka leo. Sasa binti yake Faidha alikuwa anatolewa, likizo ya mwezi wa sita.

"Mama Priska, namtaka kaka," akasema. "Muziki ninao. Mpwa wangu Dadi ana spika zake kubwa zile za kuvunja madirisha. Lakini wimbo wangu nautaka kwa mkono wa mwenyewe."

"Mkono wa mwenyewe ni mbovu, Somoe."

"Mpe simu."

Nikampa. Walizungumza muda mrefu, kaka akicheka. Aliporudisha simu alikuwa ameshakubali.

"Nina sharti," akaniambia. "Sharti langu mwenyewe. Nikikatika katikati ya wimbo, gitaa linabaki Mnyambe. Anachukua Dadi. Ameliomba miaka mitatu. Silirudishi nyumbani nikae nalitazama."

Nilikubali haraka mno. Niliona ni uamuzi wa busara. Mtu anajaribu, anashindwa, anafunga. Baadaye usiku huo nilijiuliza kwa nini sikumbishia hata kidogo.

Tukafanya mazoezi barazani. Nilimpima kwa saa ya simu. Wimbo wote, pamoja na mizunguko miwili ya kucheza, ulikuwa dakika sita. Kwenye dakika ya sita mkono ulikuwa sawa. Kwenye ya nane kidole gumba kilianza kukakamaa na vingine vikajikunja vyenyewe. Kwa hiyo dakika sita. Nilimwandikia Somoe ujumbe: dakika sita, isizidi. Akajibu kwa alama ya kidole gumba.

Siku ya shughuli nilikodi kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, nikaendesha mwenyewe. Tulipakia amplifaya, stabilaiza, gitaa, na madumu mawili ya maji, maana huendi kwenye shughuli Mnyambe ukitegemea maji ya mwenye nyumba. Tulipita Chiungutwa jua linachomoza. Kaka alishika mpira wa mazoezi mkono wa kushoto, akiuminya, mpaka tukamaliza mlima.

Saa tatu tulikuwa uwanjani kwa Somoe. Wapiga ngoma walikuwa wamewasha moto wa majani makavu, wanazikausha ngozi ziitike. Mkuu wao alikuwa Tahiri, Mmakonde mwenye kifua kama mlango, mtani wetu wa siku nyingi. Sisi ni Wamakua, na hatujawahi kukutana naye bila kutukanwa.

"Baba Oliva!" akamwita kaka kwa jina la bintiye mkubwa. "Umekuja na jeneza kabisa?"

"La kwako," kaka akasema. "Nilipima kwa macho. Tumbo litabaki nje."

"Mbona unaliwasha na hupigi?"

"Linapata moto kwanza. Dakika tatu."

Tahiri akatazama taa zinavyoanza kuwaka rangi ya chungwa nyuma ya sanduku. Akatazama moto wake wa majani. "Kumbe na nyie Wamakua mnaota moto," akasema. "Mmeiba kwetu."

Umeme ulikuwa mdogo, kama nilivyotegemea. Stabilaiza nilikuwa nimeshaifunga; nikapima tena, nikaridhika. Dadi, mpwa wake Somoe, akaja na kofia yake aliyoigeuza nyuma, mikono mfukoni, macho kwenye gitaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama Priska, mngemchomeka mzee kwenye mikisa ya spika zangu tu. Hilo sanduku likizima katikati ni aibu."

"Likizima utapata gitaa. Sasa wasiwasi wako ni wa nini?"

Akacheka, lakini aibu ilimshika. Ni kijana mzuri. Kosa lake ni kusikia haraka kuliko kuelewa.

Saa nne wakamtoa Faidha. Wanawake wanne walishika khanga mpya pembe nne, wakaiinua juu yake kama paa, naye akatembea chini yake, macho chini, mafuta yanang'aa mabegani. Nimeona jambo hili mara nyingi na huwa nalitazama kama mtu anavyotazama mvua. Siku ile nilikuwa natazama saa.

Kaka alikaa kwenye kiti cha mbao, gitaa mapajani, amplifaya nyuma yake juu ya kreti mbili za soda. Akapiga uzi wa kwanza. Ukatoka mzito, ukakaa. Uwanja mzima ukageuka. Somoe, aliyekuwa anapanga sahani, akaweka sahani chini.

Sitasema alipiga kama zamani. Zamani alikuwa na maneno mengi kwenye gitaa. Sasa alikuwa anasema neno moja, anasubiri, anasema lingine. Tahiri alisikiliza mzunguko mmoja akapunguza ngoma zake zikae kwenye nafasi zile. Faidha akaanza kucheza mabega. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilianza kupumua.

Dakika ya nne akaja Bibi Faudhia, shangazi yake Somoe, mwanamke mfupi anayetembea kama ana deni na ardhi. Alikuwa na khanga mkononi kuja kumtunza mpigaji. Akamtandika begani. Khanga ikateleza, ikaangukia mkono wa kushoto, ikafunika vidole. Kaka akakosea. Uzi mmoja ulilia vibaya, na uso wake ukabadilika.

Niliruka. Nikaitoa ile khanga, nikamwambia bibi sikioni: "Bibi, mkono wake mgonjwa. Mtunze huyu hapa, ndiye anayeimba." Nikamwonyesha amplifaya.

Nilifanya hesabu. Khanga moja, nyepesi, dakika mbili zilizobaki: hakuna madhara. Kwa mtu mwenye stashahada ya umeme, hesabu ilikuwa sahihi. Bibi Faudhia akaitandika juu ya sanduku, akaipapasa, akasema kwa sauti: "Kweli, huyu naye katuimbia!" Wanawake wakapiga vigelegele. Nikageuka na kukuta foleni.

Foleni kabisa. Somoe ana ukoo mkubwa, na kila mwanamke wa ukoo alikuwa amekuja na khanga ya kutunza, akisubiri aone inawekwa wapi.

Khanga ya pili. Ya tatu. Ya nne. Dakika ya sita ikafika, nikamfanyia Tahiri ishara ya kukata. Akatikisa kichwa. Nikamsogelea.

"Kata, Tahiri. Dakika sita zimeisha."

"Foleni ikiwepo hatukati."

"Hata wakiwa ishirini?"

"Hata wakiwa arobaini. Ukikata sasa umemwambia aliyeko kwenye foleni kwamba ya kwake haitakiwi. Si wewe uliyewafungulia mlango, mtani?" Alikuwa anacheka, lakini mikono yake haikupunguza.

Ni mimi. Nilirudi nyuma ya amplifaya. Khanga zilikuwa saba, zimefunika juu yote pale hewa ya moto inapotokea, na nyingine zimeshuka nyuma zikaziba mgongo wa sanduku. Nikaweka kiganja ubavuni, nikakitoa. Kisha nikasikia harufu ya nta. Transfoma za zamani zimechovywa kwenye nta, na ukiisikia nta ujue una dakika chache. Taa moja ikifa sina nyingine. Transfoma ikifa hakuna kitu tena.

Mkono wangu ukaenda kwenye swichi. Kaka alikuwa ameshageuza shingo.

"Acha," akasema.

"Inaungua."

"Acha iungue. Niko katikati."

Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni. Kidole gumba kilikuwa kimeanza kukakamaa, nilikiona. Saa ilisema dakika saba na nusu. Nikihesabu kwa haki: nikizima, amplifaya inapona na yeye amekatika, na gitaa linabaki. Nikiziondoa khanga, naudhi ukoo mzima uwanjani kwao, siku ya mtoto wao, na Tahiri atasimamisha ngoma. Nikiacha, vyote viwili vinaungua, mkono na sanduku. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuzima swichi. Kitu kikitoa harufu unazima, unafungua, unatafuta. Ndivyo ninavyofundisha. Nilisimama pale kidole kikiwa juu ya swichi na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba nilikuwa nimekubali lile sharti lake haraka kwa sababu nilikuwa nimechoka kumtazama akijaribu. Kumzima kungenipumzisha mimi.

Nikaiacha swichi. Nikainama, nikaingiza mikono chini ya khanga zote kwa pamoja, nikaziinua juu.

Hewa ya moto ilinipiga usoni kama nimefungua tanuri. Nikasimama nimeshika mzigo wa nguo juu ya kichwa cha amplifaya, mikono imenyooka, na pembe za mbele zikawa zinaanguka usoni mwa sanduku. Nilionekana mjinga. Mtu mmoja akauliza ninafanya nini.

Ni Bibi Faudhia aliyejibu. "Si mnaona? Anamtoa mwali wa pili!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Akaja, akashika pembe. Somoe akaja mbio akashika nyingine. Dada mmoja ambaye simjui mpaka leo akashika ya nne. Tukazitandaza zikawa paa, kama lile la Faidha, na amplifaya ikawa chini yake inapumua, taa zake zinang'aa mchana kweupe. Waliokuwa kwenye foleni wakawa wanarusha khanga zao juu ya zile tulizoshika. Mzigo ukaongezeka. Mabega yaliniuma mpaka leo nayakumbuka.

"Mwali wenu kilo ngapi?" Tahiri akapaza sauti juu ya ngoma.

"Ishirini na nane!" nikajibu. "Mchumba awe na mgongo!"

Kwa nafasi ile niliyokuwa nimesimama nilikuwa nauona mkono wa kaka kwa karibu. Dakika ya tisa kidole cha pete kiliacha kufanya kazi. Dakika ya kumi kikabaki kidole kimoja, cha shahada, na gumba limeganda nyuma ya shingo ya gitaa. Nilijua ameona mwisho. Watu watatu walikuwa bado kwenye foleni.

Hakukatika. Aliacha kutafuta nyuzi nyingine. Akapiga uzi mmoja, akauacha ulie wote, mpaka karibu na kufa, akaupiga tena. Amplifaya, moto kama ilivyokuwa, iliushika kila mara na kuunenepesha. Tahiri akashusha ngoma mpaka zikawa kama mtu anagonga mlango kwa heshima. Faidha alikuwa ameacha kuinamisha macho. Alikuwa anamtazama mzee, na mabega yake yalikwenda kwa ule uzi mmoja, polepole, yakisubiri kama kidole kilivyokuwa kinasubiriwa. Wimbo wa Somoe haukuwa hivyo. Lakini hakuna aliyeuliza ni wimbo gani.

Khanga ya mwisho ikarushwa. Tahiri akapiga tatu za kufunga. Kaka akaupiga uzi, akauacha, na tulisimama mikono juu tukiusikiliza mpaka ulipokwisha kabisa. Ndipo vigelegele.

Nilizima. Nikaziweka khanga kwenye jamvi. Ile ya chini kabisa, ya Bibi Faudhia, ilikuwa na alama nne za duara, rangi ya chai ya rangi, zimepangana kama zile taa nne.

Kaka alikuwa hajainuka. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimejifunga kwenye shingo ya gitaa na havikutaka kuachia. Nikachuchumaa mbele yake nikaanza kuvifungua kimoja kimoja, kama unavyomfungua mtoto mchanga aliyeshika nywele.

"Imeungua?" akauliza.

"Bado. Mkono?"

"Bado."

Nilimaliza kidole cha mwisho, nikausugua mkono kwa mafuta ya nazi ya mwali. Dadi alikuwa amesimama pembeni. Kofia alikuwa ameishika mkononi.

"Mzee," akasema, "kwa hiyo mimi silipati?"

"Si umeona foleni ilivyo?" kaka akamwambia. "Kaa nyuma yao." Kisha akaongeza: "Uje Masasi. Uje bila kofia. Nitakuonyesha namna ya kusubiri uzi."

Njiani kurudi alilala, khanga zote zikiwa mapajani, na ile yenye duara nne ameishika. Kabla hajasinzia nilimwambia ile imeharibika, tuifanye tambara la kufutia. Aliniambia nikiigusa tutagombana. Nikaendesha. Nilikuwa na ghadhabu kidogo, si kwake. Nilikuwa nafikiria wanafunzi wangu wote niliowafundisha kuzima, na kama niliwahi kuwafundisha kitu cha kufanya kabla ya hapo.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kipindi, nilikwenda karakana ya uchomeleaji nikachukua vipande vya nondo nyembamba. Nilichomelea fremu ndogo, miguu minne, inayokaa juu ya amplifaya na kuacha kiganja kizima cha hewa katikati na mgongo wazi. Mwenzangu mmoja akaniuliza ni ya kuanikia nini.

"Khanga," nikamwambia.

Oktoba kuna shughuli Lukuledi. Wamesema dakika sita. Nimemwambia kaka afanye mazoezi ya ishirini.